Shughuli za maktaba ya chuo: za kwenda na za kuziwacha

Watu wengi hapa mjini hawajui kama maktaba za vyuo siku hizi zinafanya shughuli za wazi, yani mtu yeyote anaingia, si lazima uwe mwanafunzi wala mwalimu, na hulipi kitu. Mimi nazifuatilia za chuo kimoja hapa Unguja, jina nalificha, wenyewe wakisoma watajijua, na nimeona bora niandike maana kila nikitia picha stetasi naulizwa "ati na sisi tunaruhusiwa?" Mnaruhusiwa jamani. Ila si zote za kutolea nauli.

Ya kwanza kwa raha, na wallahi hii naisema bila kupepesa, ni hadithi za watoto za Jumamosi. Wanatandika mikeka pale kwenye magazeti, anakuja bibi mmoja wa shamba, si mwalimu si nani, anakaa zake anajitengeneza kanga, halafu "Paukwa!" na watoto "Pakawa!" mpaka mtu wa kaunta anaacha kazi anakuja kusikiliza. Hana kitabu mkononi. Akikolea anaingiza Kikae kitupu, ile lahaja ya Makunduchi, watoto wa mjini wanacheka, nusu hawaelewi, wanamkatiza bibi hiyo nini, naye anawaeleza kisha anaendelea pale pale alipoachia. Baadae ndo wanatolewa vitabu kila mtoto anachagua chake, na niseme kweli sijapata kuona watoto wakigombea vitabu kabla ya siku ile. Kasoro yake ni wakati, Jumamosi asubuhi watoto wengi wako madrasa, wanaokuja ni wale wale wa karibu na wa wafanyakazi wa chuo, wangeisukuma hata baada ya adhuhuri pangejaa.

Nyengine ya kwenda ni maonesho ya miswada. Hapo nilitegemea kuchoka, picha ukutani na maelezo madogo madogo, basi. Kumbe wamemtafuta mtu anajua kazi yake, akaeleza kuwa mkusanyiko wa vitabu na miswada ya Kiarabu wa Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani umeingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tokea 2003, na sisi tunapita pale mlangoni kila siku na gari hatugeuzi hata shingo. Lakini kilichonifurahisha si hicho. Kulikuwa na kurasa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vijana wenye digrii zao wamesimama wanazitazama tu, kinamama watu wazima waliokuja kusindikiza watoto wakajisogeza wakaanza kusoma moja kwa moja, mmoja anamsahihisha mwenzake, "hapo si pa, ni ba, tazama nukta". Yule mtaalamu kaacha hotuba yake kawaachia wao. Ikawa ndo shughuli yenyewe hiyo. Chuo kingekuwa na akili kingewaita wale kinamama rasmi wafundishe, na kiwalipe.

Majadiliano ya vitabu sasa. Yanategemea nani kashika maiki. Walifanya moja ya mwandishi Abdulrazak Gurnah, na hapa kwetu tangu apate Nobel ya fasihi 2021 kila mtu anamjua lakini waliomsoma ni wachache, si kwa uvivu, vitabu vyake ni vya Kiingereza na bei zake si za mtu wa kawaida. Ile riwaya yake ya Paradise iliyofika hatua ya mwisho ya tuzo ya Booker 1994 imekuja kutoka kwa Kiswahili 2022, katafsiri Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar. Miaka 28 hiyo kitabu kinasubiri kusomwa na watu wa alikozaliwa mwandishi! Basi siku ile waliposoma kurasa mbili kwa sauti watu walisisimka, mzee mmoja akasimama anabishana na mhadhiri juu ya maisha ya madukani zamani, na mzee alikuwa anajua zaidi. Safi kabisa. Halafu anakuja mtoa mada wa pili anatueleza tafsiri ya Kiswahili, mbele ya Waswahili watupu, kwa Kiingereza, na slaidi za Kiingereza zenye maandishi kama sisimizi. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Na nakala zenyewe maktabani za kuhesabu, ukitaka kuazima huna kadi ya chuo huazimi, unakaa unasoma hapo hapo.

Mafunzo ya kutafuta makala za utafiti ni kwa wenye shida nayo: wanaosoma masters, walimu wa skuli wanaojiendeleza. Wanakufundisha kuingia Research4Life, mpango unaowapa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo, lakini unaingia kwa akaunti ya chuo, kwa hiyo mtu wa nje lazima utumie kompyuta zao, nyumbani hakufunguki. Pia Zotero ya kupanga marejeo, na hiyo ni bure kabisa unaiweka hata kwenye laptopu yako. Mfundishaji mvumilivu, intaneti ndo ilikuwa inajivuta mpaka tukawa tunatazama duara linazunguka.

Zile za sherehe mimi siendi tena. Siku ya Kiswahili, 7 Julai, ilivyotangazwa na UNESCO 2021 tulifurahi sote, lakini shughuli yake hapa ni kumsubiri mgeni rasmi, akija ni hotuba, baada ya hotuba ni kushukuru hotuba, washairi wazuri wanapewa dakika zilizobaki na ukumbi ushaanza kunukia sambusa watu macho yote mlangoni. Sambusa zenyewe, haki yao niwape, nzuri.

Geti ndo linalowafukuza watu. Tangazo linasema wote mnakaribishwa, mlinzi anakwambia hana taarifa, anapiga simu, unasimama juani. Na tangazo lenyewe linatoka kwenye group la WhatsApp usiku wa kuamkia shughuli, nani wa Mkokotoni atawahi? Za jioni ndo balaa zaidi, zinaanza saa kumi za kwenye karatasi, kweli ni kumi na moja, magharibi inakukuta katikati, ukitoka kuswali gari za mjini zishapungua, dada zetu wengi hawawezi kukaa mpaka mwisho na ni wao ndo wengi wanaokuja.

Ukiamua kwenda chukua kitambulisho, mkoba mkubwa wacha nyumbani maana unaachwa kaunta, na waulize ndugu wa maktaba wakuingize kwenye lile group, ukiomba vizuri wanakutia. Mtoto mchukue Jumamosi. Mgeni rasmi mwachie mwenyewe.