Danube kwa miguu mizito: Passau hadi Budapest bila kufuata kundi

Safari ya juma moja kwa meli ya mto Danube kati ya Passau, Ujerumani, na Budapest, Hungary, huuzwa kama likizo ya watu wazima: sanduku unalifungua mara moja, miji inakufuata mlangoni. Kwa mtu wa magoti mabovu, wa mkongojo, au anayeishiwa pumzi baada ya mita mia mbili, ahadi hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Kwa anayekaa kwenye kiti mwendo muda wote, meli nyingi za njia hii hazimfai, na wakala hatakwambia hivyo mpaka umbane. Hatutaji majina ya kampuni hapa, kwa sababu meli za Danube zimejengwa kwa kipimo karibu kimoja na kasoro zake zinafanana.

Kipimo hicho ndicho chanzo cha mengi. Meli ya kawaida ina urefu wa mita 110 au 135 na upana wa mita 11.4 hivi, maana malango ya kupandishia na kushushia meli kwenye mfereji wa Main-Danube, unaounganisha mito ya Main na Danube, yana upana wa mita 12 tu. Kimo nacho kinabanwa na madaraja. Ndani ya boksi hilo jembamba zimepangwa sitaha, yaani ghorofa za meli, mbili au tatu za vyumba, na juu yake ile ya kuotea jua. Lifti, ikiwepo, kwa kawaida huunganisha sitaha ya kati na inayofuata juu yake, basi. Haishuki chini, na haipandi kwenye jua. Brosha itaandika “meli ina lifti” na haitakuwa imedanganya.

Kwa hiyo usichague chumba kwa bei wala kwa kibaraza. Chumba cha bei nafuu kiko sitaha ya chini, dirisha dogo karibu na dari, na kila mlo ni kupanda ngazi. Chumba kinachofaa ni cha sitaha ya kati, hatua chache kutoka mapokezi: hapo ndipo penye mlango wa kutokea, na kwenye meli nyingi mgahawa uko usawa huohuo. Lifti ikiharibika, bado utakula na utashuka mjini. Omba ramani ya sitaha ya meli yenyewe kwa jina lake, si ya “meli za aina hii”, na uangalie kama kati ya mapokezi na mgahawa kuna vidato vitatu vinne vya ngazi ambavyo havikuchorwa vizuri.

Bafuni ndiko watu wanakoaibika baadaye. Mlango wa bafu la meli ni mwembamba kuliko wa chumba, na sakafu yake mara nyingi imeinuliwa kwa kizingiti ili maji yasitoke. Usiulize “bafu linafaa kwa mzee?” kwa sababu jibu litakuwa ndiyo. Uliza sentimita: upana wa mlango wa chumba, upana wa mlango wa bafu, kimo cha kizingiti, kama kuna mpini wa kushika ukutani karibu na choo, na kama wana kigoda cha kuogea. Kiti mwendo cha kawaida, chenye magurudumu makubwa ya kujisukuma, kina upana wa sentimita 60 na zaidi. Kile chepesi cha kusukumwa na mwenzio ni chembamba na kinakunjika. Kwa safari hii ndicho cha kubeba, hata kama nyumbani unatumia kingine. Skuta za umeme za kukalia kampuni nyingi hazizipokei, na wahudumu hawaruhusiwi kumbeba abiria.

Sheria ipo, na ni vizuri uijue unapoandika barua pepe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inahusu pia safari za meli za starehe zinazoanzia bandari ya nchi mwanachama. Kampuni haiwezi kukukatalia tiketi kwa sababu ya ulemavu tu, isipokuwa usalama au umbo la meli havikubali. Sharti ni kwamba mahitaji ya chumba na vifaa uyataje siku ya kununua. Andika, usipige simu. Ukifika mapokezi uwe na karatasi.

Sasa jambo ambalo hakuna brosha inayolieleza. Gati za Danube ni chache na meli ni nyingi, hivyo hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, wakati mwingine nne. Iliyo karibu na ukingo ndiyo yenye bahati. Abiria wa nyingine hupita ndani ya meli za jirani, mapokezi kwa mapokezi, na hilo si shida: ni kuvuka vizingiti viwili vitatu huku mhudumu akikushika mkono. Shida ni pale milango isipolingana. Hapo unapanda ngazi hadi sitaha ya jua ya meli yako, unavuka ya jirani, kisha unateremka ngazi zake, nyembamba na zilizosimama wima. Kurudi ni hivyohivyo, ukiwa umechoka. Vienna na Budapest ndiko linakotokea zaidi. Nahodha hawezi kukuahidi nafasi, kwa kuwa mgawo unatoka kwa mwenye gati.

Unachoweza ni kujua mapema. Kila jioni nenda mapokezi uulize mambo manne: kesho tunafunga gati gani (jina na namba), tutakuwa wa kwanza ukingoni au wa nje, meli itabaki palepale au itahama, na saa ya mwisho ya kurudi ni ipi. La tatu ndilo linalowaponza wanaotembea peke yao. Katika bonde la Wachau, Austria, meli inaweza kushusha makundi Dürnstein na kuyachukua Krems. Aliye na kundi ataletwa na basi. Wewe utarudi gatini ukute maji matupu. Chukua namba ya simu ya meli na uiweke kwenye karatasi pia, si kwenye simu pekee.

Kwa nini basi uache makundi, ilhali mengi yamo kwenye bei? Matembezi ya kawaida ni saa mbili nyuma ya mwongozaji mwenye kibao, kifaa cha sauti sikioni, kwenye barabara za mawe, bila mahali pa kukaa. Basi linalowapeleka lina ngazi za juu. Baadhi ya meli zina kundi la mwendo wa polepole. Liulizie, ila ujue bado linakwenda kwa ratiba ya wengine, na kusimama dakika ishirini mbele ya jengo moja huumiza magoti kuliko kutembea. Fedha za ziara usizofuata hazirudishwi. Ndiyo maana kwa msafiri wa namna hii kampuni inayouza ziara moja moja ni afadhali kuliko inayojisifu kwamba kila kitu kimo.

Vienna ndio mji unaolipa gharama yote. Meli nyingi hufunga karibu na daraja la Reichsbrücke. Kutoka hapo hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Vorgartenstraße ni mwendo mfupi, na kama ni mwingi kwako, taksi ni ya dakika chache. Vituo vyote vya treni hiyo jijini vina lifti. Panda treni ya njia ya U1 iendayo upande wa Oberlaa; kituo cha nne ni Stephansplatz, na lifti inakutoa mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Kurudi, tafuta treni iliyoandikwa Leopoldau. Treni mpya zina kibao kinachotoka mlangoni kuziba pengo. Za zamani hazina, hivyo mwenye fremu ya kutembelea yenye magurudumu madogo asubiri inayofuata, haikawii. Kwa kuona majumba ya barabara ya Ring bila kutembea, tumia tramu 1, 2 au D: ubao wa kituoni huonyesha alama ya kiti mwendo pale tramu inayokuja ikiwa ya sakafu ya chini. Meli ikifunga Nussdorf badala ya Reichsbrücke, tramu D ndiyo itakayokuleta katikati. Mkahawa mmoja, jumba moja la makumbusho, basi. Watu wa makundi wameona kumi na hawakumbuki hata matatu.

Linz, nao wa Austria, hudharauliwa bure. Siku ya Linz abiria wengi hupelekwa kwa basi Salzburg au Český Krumlov, safari ya kutwa nzima inayoishia kwenye vilima na mawe. Ukibaki, meli ni yako peke yako. Uwanja mkuu wa Hauptplatz uko karibu na mto na ni tambarare, na hapohapo hupita tramu ya kupanda mlima Pöstlingberg, ya sakafu ya chini. Mwinuko wake unafika asilimia 11 na zaidi, bila reli ya meno wala kamba ya kuvuta. Juu unaona mji na mto wote ukiwa umekaa. Kwa bei ya tiketi ya tramu hiyo, hii inashinda ziara nyingi za kulipia.

Passau, mahali mito ya Inn na Ilz inapoingia Danube, meli hufunga karibu na mji wa kale, lakini kutoka mtoni hadi kanisa kuu kuna kipande cha mlima. Kanisani kuna kinanda cha mabomba zaidi ya 17,000; ulizia ratiba ya maonyesho ya mchana, panda kwa taksi, shuka kwa miguu. Bratislava, Slovakia, ni rahisi: gati liko jirani na mji wa kale usio na magari. Ngome iliyo juu ya kilima iache, inaonekana vizuri zaidi kutoka kwenye meli.

Melk, abasia (monasteri kubwa) iko juu ya mwamba, na mji ni mdogo, taksi za kuhesabika. Mwombe mtu wa mapokezi akuitie tangu jana yake. Dürnstein usishuke. Ni pazuri, ndiyo, lakini ni mawe na miteremko mwanzo mwisho, na uzuri wake ni wa kutazamwa kutoka majini. Kati ya Melk na Krems, kilomita zisizofika 40, kaa kwenye ukumbi wa mbele wenye vioo, unaofikika kwa lifti. Ukiwa unashuka na mto, Spitz na Dürnstein ziko kushoto, ngome ya Aggstein kulia. Wahi kiti nusu saa kabla.

Budapest inahitaji akili kidogo. Meli hufunga upande wa Pest, ukingo wa mashariki, na mara nyingi kati ya gati na mji kuna barabara ya magari ya ukingoni, yenye vivuko vichache na ngazi nyingi. Treni ya chini ya ardhi ya M4, iliyofunguliwa 2014, ina lifti kila kituo. Kituo cha Fővám tér kiko karibu na soko kuu. M1 ya zamani, ile nzuri ya vigae, ni ngazi tupu. Tramu 2 ya ukingoni inasifiwa na kila mtu, ila mabehewa yake mengi ni ya kizamani, yenye ngazi mlangoni. Kupanda kilima cha ngome, chukua basi namba 16 kutoka Deák Ferenc tér. Anayetumia Bolt Dar es Salaam au Nairobi ataikuta programu ileile Budapest, Vienna na Bratislava, na inakuondolea kazi ya kuelezana na dereva kwa Kihungaria.

Maji ni jambo la mwisho la kuchunguza kabla ya kulipa. Kipande cha Danube kati ya Straubing na Vilshofen hakina mabwawa ya kuinua maji, na ndiko meli zinazotoka Nuremberg au Regensburg hukwama kiangazi kikikaza. Zikikwama, abiria hufunga mizigo na kupelekwa kwa basi hadi meli nyingine iliyo ng’ambo ya kizuizi. Kwa mwenye miguu mizito hakuna balaa kubwa kuliko hilo. Ukianzia Passau umekwepa kipande hicho, ingawa sehemu za Hungary nazo hupungukiwa maji. Mafuriko ni upande wa pili: maji yakijaa, meli haipiti chini ya madaraja. Maji pia ndiyo yanayoamua mteremko wa daraja la kushukia. Yakiwa chini, linapanda kuelekea ukingoni kama paa la nyumba, na likilowa linateleza. Mruhusu mhudumu akutangulie, si akufuate tu.

Wanaotoka Afrika Mashariki: Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary zote ni Schengen, viza moja inatosha, na bima yake isipungue euro 30,000. Safari zinazoendelea hadi Belgrade, Serbia, zinatoka nje ya Schengen, hivyo viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Msaada wa kiti mwendo kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya ni bure. Uombe kupitia shirika la ndege saa 48 kabla. Siku ya kushuka, vyumba hutakiwa wazi asubuhi na mapema hata kama ndege yako ni ya jioni. Omba kukaa ukumbini na kuacha mizigo mapokezi, na uombe siku mbili kabla, maana asubuhi hiyo wahudumu wote wamo vyumbani wakibadilisha mashuka ya wanaoingia.