Mizani ya mfukoni ya gramu 200 kutoka Kariakoo: inatosha kukagua yuro za nchi ndogo?

Ni ile mizani ndogo ya dijitali ambayo masonara hupimia pete. Kariakoo inapatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya elektroniki, mara nyingi bila jina la kampuni. Kwa anayekusanya yuro za Monako, San Marino, Vatikani na Andorra, ndicho kifaa cha kwanza kununua, ila hakikisha inasoma hadi gramu 0.01. Inayoishia 0.1 iache dukani: tarakimu yake ya mwisho ikiruka kidogo tu, hujui tena kama una 8.4 au 8.6.

Watalii wa Kiitalia wanaokuja Zanzibar huacha sarafu, na kwa kuwa maduka ya kubadilisha fedha hutaka noti, sarafu hizo huzunguka mikononi mwa watu hadi zikavuka kuja Dar. Nyingi ni za Italia yenyewe. Ya San Marino au Vatikani hujificha humo kwa urahisi, maana upande wa ramani ni uleule, na hata ukingo wa yuro 2 ni wa Kiitalia: 2 na nyota moja, mara sita, kwa zamu wima na kichwa chini. Monako hufuata Ufaransa, 2 na nyota mbili. Kwa hiyo yuro 2 ya Monako yenye ukingo wa Kiitalia ni feki, hata kabla ya kuipima.

Sasa mizani. Iweke juu ya meza ngumu isiyoyumba, zima feni (hili ndilo kosa kubwa la nyumba zetu, upepo wake unatikisa namba), iache imewaka dakika chache, kisha bonyeza kitufe cha CAL (cha kusawazisha) na kushikilia. Kioo kitamulika uzito inaoutaka, kwa mfano gramu 100. Kipande cha chuma chenye uzito huo mara nyingi hakimo kwenye boksi. Kinunue papo hapo, kwani mizani isiyosawazishwa ni pambo tu.

Uzito sahihi ni huu: yuro 2, gramu 8.50; yuro 1, 7.50; senti 50, 7.80; senti 20, 5.74; senti 10, 4.10. Sarafu iliyotumika sana hupungua kidogo. Yuro 2 ikisoma 8.1 au 8.9, iweke pembeni bila majadiliano. Na usiisugue sarafu chafu ili isome vizuri. Uchafu ule hauna uzito wa maana, lakini mikwaruzo inaua thamani yake moja kwa moja.

Mizani peke yake haitoshi. Kuna feki zenye uzito kamili, hivyo ongeza sumaku. Kitovu cha yuro 2 kina tabaka la nikeli katikati, kwa hiyo huvutwa kidogo, wakati pete ya nje haivutwi kabisa. Pete ikinasa, hiyo ni bandia. Senti 10, 20 na 50 hazinasi popote. Senti 1, 2 na 5 ni chuma kilichopakwa shaba, hunasa kwa nguvu. Halafu ishike sarafu juu na chini, uizungushe kama ukurasa wa kitabu: pande zote mbili za yuro lazima zisimame wima.

Umakini huu unahitajika hasa kwa yuro 2 ya Monako ya 2007 yenye sura ya Grace Kelly, mke wa mtawala wa Monako Rainier wa Tatu. Zilitengenezwa 20,001 tu, na waigaji wanaipenda mno. Hata ikipita mizani, sumaku na ukingo, usilipe bei yake kwa vipimo hivi pekee. Vinakwambia ipi uikatae, havikuhakikishii ipi ni halisi.

Kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) ya plastiki inayouzwa pamoja na mizani haina faida. Yuro 2 ina kipenyo cha milimita 25.75, na taya za plastiki hujipinda ukizibana. Ongeza pesa uchukue ya chuma.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe mizani. Weka sarafu ya shilingi 200 katikati, kisha kwenye kila pembe ya sahani. Namba zikitofautiana zaidi ya 0.02, omba nyingine.