Kiti cha magurudumu cha mama: tathmini baada ya kushinda nacho Jumamosi nzima Ngamiani

Kiti ninachokizungumzia ni kile cha kawaida cha kukunja, cha mabomba ya chuma yanayong'aa na kitambaa cheusi cha plastiki, ambacho ukipita kwenye maduka ya vifaa vya tiba hapa Tanga utakikuta kimesimamishwa mlangoni kikiwa bado kimevikwa nailoni. Nilikinunua kwa shilingi 320,000 mara tu mama alipotoka hospitalini baada ya kupata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Dada yangu, ambaye ndiye anayeishi na wazazi, alikitumia kwa wiki tatu na kila nilipompigia simu alinijibu kwamba ni kizuri tu, lakini dada yangu si mtu wa kulalamika. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilitoka Muheza alfajiri, nikamwambia aende kwenye shughuli zake na asirudi mpaka baada ya magharibi, nami nikabaki na baba, mama na kiti.

Jambo la kwanza nililojifunza lilikuwa kumtoa mama kitandani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikwishatuelekeza kwamba kiti kiwekwe kwa mshazari upande wenye nguvu, yaani kuliani kwake, breki zote mbili zifungwe, vikanyagio viinuliwe, na kamwe asivutwe kwa ule mkono uliolegea, kwa kuwa bega lake linaweza kuteguka. Hayo yote yanawezekana, na breki za kiti hiki zinashika barabara. Kasoro ni kwamba sehemu za kuwekea mikono zimechomelewa moja kwa moja kwenye fremu wala hazing'oki. Siku ambayo mama hana nguvu za kusimama, huwezi kumtelezesha kutoka kitandani hadi kitini, bali ni lazima umnyanyue apite juu ya lile bomba, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dada yangu siku hizi anatembea ameshika kiuno. Vipo viti ambavyo sehemu hizo huchomolewa au huinuka. Ningejua, ningeongeza fedha.

Vipimo ndivyo vilivyonisumbua zaidi, na lawama kubwa hapa naibeba mwenyewe kwa kumwamini muuzaji aliyeniambia kwamba kiti hicho kinamfaa mtu yeyote. Kikalio kina upana wa sentimeta 46, ilhali mama amepungua sana, na kanuni inayojulikana kwa watu wa fani hii ni kwamba nafasi inayobaki kila upande wa nyonga isizidi sentimeta mbili au tatu. Mama anabakiwa na kiganja kizima upande mmoja, hivyo kila baada ya nusu saa huwa ameinamia kushoto kama jahazi lililopakiwa vibaya, nami nikawa namnyoosha na kumkingia kwa mto mdogo wa pembeni. Vilevile kikalio kipo juu mno, kiasi cha sentimeta 50 kutoka ardhini. Mtu aliyelegea upande mmoja anaweza kujisukuma mwenyewe kwa mkono mmoja na mguu mmoja, mkono ukizungusha gurudumu na mguu ukielekeza njia, lakini kwa hilo ni lazima kisigino kifike chini. Cha mama kinaning'inia. Alipojaribu kwa mkono peke yake, kiti kilizunguka palepale ukumbini mpaka akacheka, kisha akaniambia, "Mwanangu, huku ni kusokota kamba, siyo kwenda."

Kitambaa cha kikalio nacho kinabonyea katikati, na hakikuja na mto. Mtu asiyeweza kujigeuza akikaa kwa saa nyingi juu ya kitambaa kitupu hupata vidonda vya mgandamizo, hasa kwenye makalio na kwenye mfupa wa mkiani, na kwa mwenye sukari kama mama vidonda hivyo huchelewa sana kupona. Tulikata kipande cha godoro gumu, tukakishonea foronya, na kila baada ya kama robo saa nilimsaidia kuegemea mbele kidogo ili damu ipite. Kipande hicho, hata hivyo, kimemwinua zaidi, na kisigino kimezidi kuwa mbali na sakafu.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na choo kikiwa uani. Kwa ukumbi hakuna tatizo. Mlango wa uani una kizingiti cha sentimeta 15, na mteremko unaostahili kwa kimo hicho ni wa urefu wa sentimeta 180, yaani mara kumi na mbili. Seremala alitutengenezea ubao wa sentimeta 90, naye ana haki, kwa sababu ule mrefu ungefika kwenye mafiga. Matokeo yake ni kwamba kupanda inabidi ujikaze kwelikweli, na kushuka ni lazima ushuke kinyumenyume, wewe ukitangulia na mzazi akiwa amekupa mgongo, la sivyo atadondokea mbele. Mlango wa choo haupitishi kiti kabisa. Tunakiacha nje na kumkongoja mama hatua nne, na hatua hizo nne ndizo zilizonitoa jasho kuliko kazi nyingine yoyote ya siku ile.

Sasa niseme kuhusu magurudumu, kwa kuwa hapo kiti hiki kimenifurahisha. Yale makubwa ya nyuma ni ya inchi 24, yana tairi za upepo na spoku, na katika mji huu wenye baiskeli kila kona ni vigumu kukwama na kitu cha namna hiyo. Gurudumu la kulia lilipata pancha kabla ya adhuhuri. Fundi baiskeli wa mtaa wa pili aliliziba, akakaza spoku mbili zilizolegea, akapaka na grisi ambayo sikuiomba, kisha akaukataa ujira aliposikia ni cha nani. Vile vigurudumu vya mbele ni habari nyingine. Ni vyembamba, na tukiacha lami kuingia kichochoroni vinazama mchangani papo hapo. Dawa yake ni kukikanyaga kiti nyuma kwa mguu, kukiinua mbele na kukisukuma kwa magurudumu ya nyuma pekee, baada ya kumwarifu aliyekaa, maana mara ya kwanza nilisahau kumwambia mama na alisoma dua yote anayoijua.

Alasiri tulikwenda Bustani ya Jamhuri, mama atazame bahari. Kiti kikikunjwa kinaingia kwenye bajaji, ingawa mmoja wetu inabidi akipakate, na ni mimi niliyekipakata. Hapo juu ya sakafu ngumu kilikwenda bila shida, na kwa mara ya kwanza siku ile sikukifikiria.

Kuna matumizi ambayo hayamo katika karatasi ya maelekezo. Baba ana miaka 84, macho yamefifia, na bakora tuliyomnunulia anaining'iniza nyuma ya mlango kwa madai kwamba ni ya wazee. Lakini mishikio ya kiti anaishika. Kila jioni anamsukuma mama kutoka ukumbini hadi barazani, taratibu, huku akiegemea, na kwa kweli haijulikani nani anamtembeza nani. Nilimwomba tu asiegemee kiti kikiwa kitupu, kwani bila uzito wa mtu kinapinduka nyuma upesi. Alinisikiliza, kisha akanieleza kasoro ambayo mimi sikuiona: "Baba, hii baiskeli yenu haina kengele." Nilipokuwa nikiosha vyombo alikwishaifunga kwenye mshikio wa kulia, ameitoa kwenye baiskeli yake kuukuu iliyopo uani.

Kwa mtu anayetaka kiti cha kumsukumia mzazi barazani, msikitini au kliniki, hiki kinatosha kwa bei yake, ilimradi fundi baiskeli awe karibu. Kwa mzazi anayeshinda kitini kutwa, mpimeni nyonga na kimo cha goti kwanza, kisha mtafute chenye mikono inayochomoka na kikalio cha chini. Boliti ya kikanyagio cha kushoto haikuwemo ndani ya boksi. Duka, ambalo sitalitaja, limeniahidi mara mbili, na hadi naandika haya kikanyagio kimefungwa kwa waya.