Kupanda Kilimanjaro kwa pesa ya mfukoni: siku ngapi, mwezi gani, njia ipi

Ukianza kuulizia bei za kupanda Kilimanjaro, kifurushi utakachokutana nacho mapema ni njia ya Marangu kwa siku tano. Kipo kwenye matangazo ya safari za vikundi, kipo kwenye status za mawakala, na jamaa yako aliyepanda mwaka juzi atakutajia hichohicho kwa sababu ndicho alichopandia yeye. Mimi nakiweka mkiani kabisa.

Tazama unavyolala. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, ila hapo hakuna kulala kwa maana: saa tano usiku mnaamshwa mnywe chai, saa sita mnaondoka kwenda kileleni, 5,895. Kila siku umeongeza mita 1,000. Wataalamu wa tiba za milimani wanashauri ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku na usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale ulipo. Kilele cha Uhuru kina karibu nusu tu ya oksijeni unayoivuta ukiwa Tanga au Mombasa, na mwili unaihitaji ile nafasi ya kujizoesha. Gym haisaidii sana hapa. Vijana wenye vifua ndio hao wanaowapita wenzao siku ya kwanza msituni, wakifika Kibo wameshika vichwa na supu haipiti.

Kwa hiyo ushauri wangu wote umesimama hapa: kinachonunuliwa mlimani ni siku. Amua kwanza siku ngapi, kisha mwezi, jina la njia lije la mwisho.

Siku moja zaidi inagharimu nini?

Jambo hili huwa halielezwi vizuri kwa sababu ushauri mwingi uliopo mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya wageni. Mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki analipa ada za hifadhi na kambi zinazopita dola 100 kwa kila siku anayoongeza, kabla hajala wala hajambebesha mtu begi. Ana sababu ya kubana siku. Wewe raia wa Afrika Mashariki unalipa kwa shilingi, kiwango cha chini mno ukilinganisha, na sehemu kubwa ya gharama yako ni chakula, usafiri na malipo ya wapagazi, mpishi na mwongozaji. Siku ya ziada kwako ni posho ya watu wachache na kilo kadhaa za mchele na viazi. Kubana siku ili uokoe hicho, halafu urudi kutoka Horombo, ni kutupa nauli yote, vifaa vyote na likizo yako ya mwaka.

Viwango vya ada hubadilishwa, kwa hiyo vichukue TANAPA wenyewe (shirika la hifadhi za taifa) wiki unayolipia. Nenda na kitambulisho cha taifa au pasipoti; bila hivyo getini hakuna wa kuthibitisha kwamba wewe ni wa bei ya shilingi. Ndugu zetu wanaokuja likizo na pasipoti za Uingereza, Marekani au Kanada wajihesabu kama wageni, hata kama wamezaliwa Kibosho.

Mwezi

Januari, Februari na siku za mwanzo za Machi ndizo ninazozipa nafasi ya kwanza. Ni kipindi cha ukavu na cha joto kuliko ule wa katikati ya mwaka, asubuhi huwa nyeupe. Nafasi ya pili ni Septemba hadi katikati ya Oktoba: wageni waliojaa Julai na Agosti wameanza kupungua, vumbi lipo lakini mvua bado. Julai na Agosti hewa ni kavu pia, ila baridi yake inauma na kambi za Machame zimejaa mahema. Juni ni ya kubahatisha. Chini kumekauka, juu huenda bado kuna theluji iliyoachwa na masika.

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei ni masika. Bei zinashuka na utaambiwa mlima ni wako peke yako, na hiyo ni kweli. Lakini upande wa kusini, kuanzia Machame hadi Marangu, ndio unaopokea mvua nyingi, na njia ya msituni inakuwa tope la kuvua kiatu. Nguo zikilowa siku ya kwanza hazikauki tena mpaka ushuke. Kama likizo yako ni Aprili tu na huna namna, chagua ama Rongai, iliyo upande mkavu wa kaskazini, ama Marangu kwa sababu ya paa la vibanda vyake.

Desemba ina mambo mawili. La kwanza ni tarehe 9. Vikundi vingi vya Watanzania hupanga kuwa kileleni Siku ya Uhuru, na ukikumbuka kwamba mwenge ulipandishwa pale juu na Alexander Nyirenda usiku wa Desemba 1961, hamu hiyo inaeleweka. Lakini tarehe 9 inaangukia ndani ya vuli. Mtanyeshewa. Ukienda na kikundi hicho, nenda kwa ajili ya kikundi, na koti la mvua liwe la kweli, usitegemee lile la nailoni la bei ya soda. La pili ni Krismasi. Kuanzia katikati ya mwezi Wachaga wote wa Dar wanarudi nyumbani, mabasi ya Moshi yanajaa na nauli haina adabu. Anayepanga kupanda baada ya sikukuu akate tiketi mapema, ya kwenda na ya kurudi.

Kuhusu baridi, fanya hesabu hii: kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Moshi mjini usiku ikiwa nyuzi 18, mita 5,000 juu yake ni kama 12 chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu. Iwe Februari au Agosti, usiku wa kilele ni wa barafu. Maji kwenye mrija wa mkoba yanaganda. Beba chupa, igeuze kichwa chini ndani ya soksi.

Ukiweza kulenga mbalamwezi, lenga. Usiku wa mwezi mpevu unaona njia nzima mbele yako bila tochi, ingawa na wengine wamelenga usiku huohuo.

Njia, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

1. Machame, siku saba. Kwa anayelipa mwenyewe hii ndiyo yangu. Geti liko karibu na Moshi, kampuni karibu zote zinaijua, na njia yenyewe inakufundisha mwili. Siku ya tatu unatoka Shira, unapanda mpaka Lava Tower mita 4,600, unakula chakula cha mchana hapo huku kichwa kinagonga, kisha unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini: hicho ndicho kinachokosekana kwenye Marangu ya siku tano.

Kesho yake asubuhi kuna ukuta wa Barranco. Ukiutazama jioni kutoka kwenye hema unaweza kukosa usingizi, maana unasimama wima mbele ya kambi na huoni njia. Asubuhi unagundua njia ipo, inakwenda upande upande, na unatumia mikono kama unavyotumia miguu. Kuna mahali unalikumbatia jiwe kabisa, shavu likiligusa, ndipo unavuka. Kamba haihitajiki. Jambo la kuangalia ni wapagazi: wanapita na ndoo, mitungi ya gesi na mahema kichwani, na wana haraka ya kwenda kukupikia. Ukisikia sauti nyuma, jibanze upande wa ukuta. Usijibanze upande wa korongo kwa heshima. Heshima hiyo itakuangusha.

Ile saba ni ya lazima. Machame ya siku sita inaruka usiku wa Karanga: unatoka Barranco, unavuka ukuta, unaunganisha mpaka Barafu mita 4,673 siku hiyohiyo, na saa sita usiku unaanza kilele ukiwa umechoka tayari. Karanga ndiyo siku uliyoinunua. Kutoka Barafu unaingia ukingoni mwa kreta pale Stella Point, na kutoka hapo hadi Uhuru ni kama saa moja ya kutembea taratibu. Kushuka ni Mweka, na magoti yatakukumbuka.

2. Lemosho, siku nane. Kama pesa si tatizo hii ndiyo ya kwanza, sibishani na mtu. Inaanzia magharibi, unajiandikisha Londorossi, unapita msitu wa mbega wenye watu wachache, kisha unakatiza uwanda wa Shira kwa siku mbili za kupanda polepole kabla ya kuungana na watu wa Machame jirani na Lava Tower. Mwili unafika pale ukiwa umeshazoea. Nimeishusha kwa sababu ya umbali wa kuifikia kwa gari na siku inayoongezeka. Ukiwa kikundi cha watu sita au zaidi gharama hiyo inagawanyika na hoja yangu inapungua nguvu. Ndugu yake mrefu zaidi, mzunguko wa kaskazini, unachukua siku nane au tisa kuzunguka nyuma ya Kibo, kilele chenyewe. Kwa mapafu hakuna bora kuliko huo. Kwa mfuko, ni habari nyingine.

3. Rongai, siku saba. Iko kaskazini, karibu na Tarakea na mpaka wa Kenya, na inawafaa hasa wanaotokea upande wa Loitokitok. Ni kavu, ni tulivu, mteremko wake ni mpole, na ile ya siku saba inakulaza kwenye ziwa dogo la Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, mita 4,300 hivi, chini ya majabali ambayo kwa macho yangu ni mazuri kuliko Kibo yenyewe. Udhaifu wake ni usiku wa mwisho: kutoka vibanda vya Kibo hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, ni changarawe tupu, hatua mbili mbele nusu nyuma, na ukifika Gilman's bado una saa moja na nusu au mbili kuufikia Uhuru. Wengi wanaishia pale.

4. Marangu, siku sita. Ndiyo njia pekee yenye vibanda na vitanda, na kwa mtu asiyelala kwenye hema kwa hali yoyote, au anayepanda mvuani, hilo ni jambo kubwa. Siku ya sita inakupa usiku wa pili Horombo: unapanda hadi Zebra Rocks, unarudi kulala. Usiku wa kilele ni uleule wa Rongai, na kushuka unarudi ulikopandia.

Chini ya hapo sina namba za kugawa. Umbwe ni fupi na imesimama, ni ya wenye mwili uliozoea milima tayari. Njia ya zamani ya Shira inakupeleka kwa gari mpaka mita 3,500 hivi, yaani unaanza na kichwa kinachouma. Western Breach, njia ya kupanda ukuta wa magharibi wa Kibo, sitampendekezea mtu. Januari 2006 mawe yaliyoporomoka yaliua Wamarekani watatu pale.

Na kama hujawahi kulala juu ya mita 3,000 hata mara moja, zingatia kuanza na Mlima Meru, mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Siku tatu au nne, vibanda vipo Miriakamba na Saddle, na askari wa hifadhi mwenye bunduki anatangulia kwa sababu ya nyati. Utajua mwili wako unafanyaje mwinukoni kwa pesa ndogo.

Kampuni

Kupanda peke yako hairuhusiwi. Lazima mwongozaji mwenye leseni. Kwa kampuni uliza haya kabla ya kutuma pesa: wapagazi wangapi kwa watu wangapi, wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, kuna kipima oksijeni cha kidoleni na mtungi wa oksijeni au hakuna. Asilimia za watu "waliofika kileleni" usiziulize, kila kampuni ina zake. Mpagazi anaruhusiwa kilo 20 na mizigo hupimwa getini. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, pengo limejazwa na yeye. Shirika la KPAP, linalotetea wapagazi wa Kilimanjaro, lina orodha ya kampuni zinazokaguliwa malipo ya wapagazi, na unaweza kuiangalia bure.

Dai upewe risiti ya ada za hifadhi yenye jina lako na idadi kamili ya siku. Kuna mawakala wanaouza siku sita na kulipia tano. Unakuja kulijua hilo ukiwa Horombo, mwongozaji anapokuambia kesho ni Kibo.

Vifaa vizito usinunue vipya. Koti la manyoya, fulana za kubana na glavu utavipata mitumbani Memorial, Moshi, kwa bei ya kuelewana. Begi la kulalia na fimbo kodisha palepale mjini. Kiatu ndicho cha kununua, tena kivae mwezi mzima kabla. Mifuko ya plastiki na chupa za maji za kutupa acha hotelini, getini hazipiti.

Bakshishi pangeni kabla ya kupanda, iwe kwa shilingi na kwa noti ndogondogo, na mpe kila mtu mkononi mwake pale Mweka badala ya bahasha moja kwa kiongozi.