Yamaha TRBX174 na vizibo vya ER20XS: uzoefu wa mpiga besi wa Tanga

Vifaa hivi viwili, gitaa la besi na vizibo vya masikio, navipima kwa swali moja: vinanisaidia kujisikia jukwaani bila kupandisha sauti? Mpiga besi asiyejisikia hupandisha, wa solo naye hupandisha, wa kinanda hakubali kubaki nyuma, na kabla ya mapumziko ya kwanza ukumbi mzima unavuma. Wanaolipa ni masikio. Kwa kipimo hicho TRBX174 imenifaa kuliko besi kadhaa za bei kubwa zaidi, na ER20XS ni kitu ambacho kijana anayeanza bendi angepaswa kukinunua hata kabla ya amplifaya.

TRBX174 ina nyuzi nne na freti 24, vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo. Urefu wa uzi, kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi upande wa mwilini, ni inchi 34, yaani kama milimita 864, kipimo kilekile cha besi ya umeme ya Precision Bass aliyoitoa Leo Fender mwaka 1951. Pikapu, yaani sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, ni mbili: ya kati imegawanywa vipande viwili kwa mtindo wa P (Precision), ya karibu na daraja ni ndefu nyembamba ya mtindo wa J (Jazz Bass). Vitufe ni vitatu, volumu ya kila pikapu na toni moja. Haina betri wala saketi ya kuongeza besi na trebo. Wengi huhesabu hilo kuwa upungufu. Kwa pwani yetu mimi nalihesabu kuwa sifa. Besi yenye saketi hutumia betri ya volti 9, na betri huanza kuliwa pale tu waya unapochomekwa, hata kama gitaa limeegeshwa ukutani. Ikikaribia kuisha sauti inakwaruza, kisha inazima katikati ya shughuli. Vibati vya kushikia betri navyo huliwa na hewa ya chumvi. Kifaa kisicho na vitu hivyo kina sehemu chache za kuharibika.

Namna ya kufungua vitufe ina maana kubwa. Pikapu zote mbili zikifunguliwa hadi mwisho, sehemu ya masafa ya kati hufutana, na unapata mlio mtamu ukiwa peke yako chumbani lakini bendi ikianza unamezwa. Mimi hufungua P yote, J nusu au pungufu kidogo, toni robo tatu. Sababu iko kwenye uzi wenyewe. Uzi wa E ukipigwa mtupu hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73, G mara 98. Sikio la mtu ni zito sana kwa masafa ya chini kiasi hicho. Linachokamata hasa ni sauti za juu zaidi zinazozaliwa na uzi huohuo, za kati ya hertzi (mitikisiko kwa sekunde) 200 na 800 hivi. Ndiyo maana kwenye amplifaya napunguza kila kilicho chini ya hertzi 50 na kuongeza kidogo kwenye 400 hadi 800. Mlio unapoteza unene kidogo ukiusikiliza peke yake, lakini ndani ya taarabu yenye vinanda viwili kila noti inasomeka, na volumu inashuka. Mji uliosikia Black Star na Lucky Star wakitia magitaa ya umeme kwenye taarabu unajua besi inayoongea ina thamani gani.

Faida nyingine ya P: vipande vyake viwili vimesukwa kinyume, hivyo mvumo wa umeme wa kimoja unafuta wa kingine. J ikiwa peke yake huvuma karibu na taa za tyubu na taa za kupunguza mwanga, ambazo kumbi za harusi zimejaa.

Besi nyingi zinazopatikana huku, hata za modeli hii, zimeshatumika. Kabla ya kutoa hela, shika uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mkono wa pili, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Inayofaa ni milimita 0.3 hadi 0.4. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ikipenya hapo bila kuinua uzi, shingo imepinda mno. Hilo peke yake si la kukimbia, kwa sababu ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyooshea. La kukimbia ni chuma hicho kikiwa kimekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, au tundu lake limeviringika kwa spana isiyo saizi yake. Mwambie muuzaji akizungushe mbele yako. Ukifika nyumbani usizidishe robo mzunguko kwa mara moja. Kaza nyuzi upya, acha shingo itulie, pima tena. Kuzungusha kwa kulia kunanyoosha, kwa kushoto kunalegeza.

Halafu piga kila freti ya kila uzi, bila kuruka. Uzi ukilia kwenye freti za mwanzo tu, shingo imenyooka kupita kiasi. Ukilia juu ya freti ya 12, kikalio cha uzi kwenye daraja kiko chini mno. Ukilia sehemu moja tu, kuna freti iliyoinuka au iliyo jirani yake imelika, na hiyo ni kazi ya fundi. Sikiliza kwa makini uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7: besi nyingi zenye shingo ya kufungwa kwa skrubu zina noti hapo inayokufa haraka kuliko nyingine. Inatokana na jinsi mbao inavyotikisika, hakuna fundi wa kuiondoa kabisa, na gitaa mbili za modeli moja hutofautiana. Ndiyo maana sishauri kununua kwa picha za simu.

Kwenye freti ya 12 linganisha noti ya uzi ulioguswa tu bila kubanwa na noti ya uzi uliobanwa. Ya kubana ikiwa juu zaidi, kikalio kirudi nyuma. Ikiwa chini, kije mbele. Kama nyuzi ni kuukuu kipimo hiki hakiaminiki, lakini bado angalia kama skrubu za vikalio zinazunguka. Besi iliyokaa Raskazone au Pangani miaka mingi huwa na skrubu zilizoshikana kwa kutu, na skrubu iliyoviringika kichwa inakufungia marekebisho yote. Nafasi ninayoiacha kati ya uzi na freti ya 12 ni milimita 2.5 kwa E na 2 kwa G.

Mwisho ichomeke. Vitufe vikikwaruza ni vumbi na kutu nyepesi, dawa ya kupuliza ya kusafishia saketi inatosha. Sauti ikikatika unapotikisa waya, jeki imelegea. Kaza nati yake huku umeizuia kwa ndani isizunguke, la sivyo waya wa ndani utanyongwa na kukatika. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, hali ni ya kawaida. Ukizidi unapogusa, nyaya za jeki zimegeuzwa, na fundi redio yeyote wa Ngamiani mwenye risasi ya kuchomelea na mkono mtulivu anaziweka sawa.

Amplifaya nitaipitia haraka, ila mambo matatu ni ya lazima. Soma kibandiko cha nyuma: zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, za Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, unaunguza. Usikate mguu wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo, kwani siku maikrofoni ikiwa na hitilafu, mdomo wako na nyuzi zako ndizo zitakazokamilisha njia ya umeme. Na spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4. Kama amplifaya imeandikwa kuwa mwisho wake wa chini ni 8, itachemka.

Mahali pa kuiweka ni bora kuliko wati. Spika ikiwa sakafuni inapigia magoti yako, nawe unazidi kupandisha wakati walio mbele wanaumia. Iweke juu ya kiti imara au iinamishe ielekee kichwani, na iondoe kwenye kona, kwa sababu kuta mbili na sakafu huongeza mvumo wa chini usiokusaidia kujisikia. Kupata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 zaidi kunadai wati maradufu. Kuinua spika hakudai kitu.

Nyuzi: naweka za nikeli za 45 hadi 105, yaani unene kwa sehemu za elfu za inchi. Jasho na upepo wa baharini huziua mapema kuliko mikono. Baada ya kupiga, futa kila uzi kwa kipande cha khanga kikavu, juu na chini, maana uchafu hukaa upande unaotazama freti. Mfuko uwe na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na ukiona vimelowa vibadilishe. Kuchemsha nyuzi kunatoa uchafu na kurudisha ung'avu kwa muda mfupi, ila kutu haitoki. Anayepiga taarabu zaidi ajaribu nyuzi bapa zisizo na mikwaruzo: mlio ni wa mviringo na hazishiki jasho kirahisi. Mvutano wake kwa kawaida ni mkubwa zaidi, hivyo upime shingo upya.

Sasa vizibo, ambavyo ndivyo vilivyonifanya niandike.

Sikio la ndani lina chembe zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko kuwa taarifa ya ubongo. Zikifa hazioti tena. Kelele huanza kuharibu karibu na hertzi 4,000, eneo la matoazi na la herufi kama s, f na th, kwa hiyo mpiga besi anaweza kuharibika kwa miaka huku anaamini anasikia vizuri kwa kuwa besi yake anaisikia. Anayemdhuru mara nyingi si spika yake, ni toazi lililo mita moja kutoka sikioni. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unagawanywa kwa mbili: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Jukwaa la bendi lenye dramu linafika 100 bila taabu. Harusi haiishi kwa dakika 15.

Vizibo vya sponji vinakinga sana, lakini vinakata trebo kuliko besi. Unabaki na mvumo mzito, huijui noti wala dramu ndogo, nawe unavitoa. ER20XS vina kichujio kinachopunguza masafa yote kwa kiasi kinachokaribiana, kama desibeli 20 vikikaa sawasawa, na kinarudisha ule mwitikio wa asili wa tundu la sikio ulio karibu na hertzi 2,700. Muziki unabaki uleule, umeshuka tu. Kiwango rasmi cha Marekani kilichoandikwa kwenye pakiti ni 13, kwa kuwa hesabu yake huacha nafasi ya tofauti kati ya mvaaji na mvaaji. Tuchukue vimeondoa 12 tu: jukwaa la 100 linakuwa 88, na dakika 15 zimekuwa saa 4.

Kinachoviharibu ni uvaaji. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, lowesha ncha kidogo, sukuma polepole huku ukizungusha mpaka tabaka zote tatu ziingie. Sema neno: sauti yako ikivuma kichwani, pameziba. Isipovuma, pana upenyo, na kinachopenya kwanza ni masafa ya chini. Vivae kabla ya kupima sauti, usisubiri wimbo wa tatu, vinginevyo utakuwa umepanga volumu kwa masikio wazi. Mazoezi mawili matatu ya kwanza utajiona uko mbali na bendi; baadaye utaona unasikia tofauti ya besi na teke la dramu waziwazi kuliko awali. Mwimbaji huchelewa zaidi kuzoea kwa sababu ya ule mvumo wa sauti yake mwenyewe.

Joto la Tanga linaleta jasho, na nta hujaa. Ncha nazitoa na kuziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kichujio nakifuta kwa kitambaa bila kukilowesha, na vyote vikauke kabla ya kurudi kwenye kikopo. Ncha ikikakamaa au kuchanika haizibi tena, ibadilishe. Ikiwa saizi ya kawaida inauma, tafuta saizi nyingine badala ya kuviingiza nusu.

Kwa mpiga dramu nadhani havitoshi kila mara. Yeye atafute vyenye kukata 25, au vya kutengenezwa kwa umbo la sikio lake, ambavyo vichujio vyake hubadilishwa kati ya 9, 15 na 25. Na kwa yeyote, masikio yakilia kesho yake asubuhi, shughuli ya jana ilizidi hata kama ulivaa: punguza sauti ya jukwaa, sogea mbali na toazi. Sikio moja likizima ghafla ndani ya siku moja au mbili, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo, kwa sababu matibabu yake hutegemea kuwahi.