Fidia za siri katika Bunge la Marekani: utaratibu wa 1995 na wa 2018

Chini ya sheria ya 1995, mfanyakazi wa Bunge la Marekani aliyenyanyaswa na mbunge hakuweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Kwanza siku 30 za ushauri, kisha siku 30 za usuluhishi wa siri, halafu asubiri siku 30 nyingine. Miezi mitatu, na huenda muda wote huo bado anaripoti kwa bosi yuleyule! Wakielewana, fidia ilitoka hazina. Ndivyo alivyolipiwa mbunge Blake Farenthold wa Texas: dola 84,000 mwaka 2015, na wananchi hawakujua ni fedha zao hadi mwishoni mwa 2017. Aliahidi kuzirudisha. Aprili 2018 akajiuzulu, fedha hazikurudi.

Mageuzi ya Desemba 2018 yaliondoa ulazima wa hatua hizo. Hazina bado hutangulia kulipa, na naliona hilo ni sawa, kwani mlalamikaji hapaswi kungojea mfuko wa aliyemuumiza. Tofauti ni kwamba mbunge ana siku 90 za kurudisha. Asipolipa, mshahara wake unakatwa, na akiacha ubunge deni linamfuata. Malipo pia hutangazwa kila mwaka, pamoja na ofisi iliyohusika.

Mimi nauchagua wa 2018 bila kusita, ingawa una tundu linaloniudhi: mbunge huwajibika kwa unyanyasaji na ulipizaji kisasi unaohusiana nao tu. Akimnyima mwanamke cheo kwa sababu ya jinsia yake, fidia bado inamwangukia mlipa kodi.