Modeli ya Space Shuttle, kipimo cha 1/144: imelainishwa pale hasa palipoleta maafa

Modeli imekamilika na ipo mezani: chombo cheupe chenye mabawa, kile NASA, shirika la anga la Marekani, walichobebea watu angani, tangi la mafuta la rangi ya chungwa, roketi mbili za ubavuni. Kiwanda sikitaji, sitafuti ugomvi na mtu. Ukiisimamisha haifiki sentimita 40. Zidisha mara 144 unapata mita 56 na ushei, ndio urefu wa mtambo mzima uliposimama jukwaani kule Florida. Kwa vipimo vikubwa, basi, sina la kusema. Plastiki ni nzuri, vipande vinashikana bila kulazimishwa, na milango ya sehemu ya mizigo unaweza kuiacha wazi au kuifunga.

Sasa niseme mimi ni nani, ili muelewe kwa nini nimekwama kwenye vitu ambavyo mwingine asingevitazama mara mbili. Kazi yangu ni kukagua boila na mitungi ya presha. Nashinda kwenye viungo, boliti na oringi, zile pete za mpira za kuzibia viungo. Kwa hiyo nilipofungua boksi sikuanza na chombo. Nilianza na roketi za pembeni.

Hapo ndipo modeli iliponiudhi. Kila roketi imegawanywa nusu mbili kwa urefu, laini kama bomba la maji. Roketi halisi haikuwa kitu kimoja. Mafuta yake makavu yalikuja kwa treni kutoka Utah katika vipande vinne, vikaunganishwa Florida, kwa hiyo kila roketi ilikuwa na viungo vitatu vilivyofungwa pale pale kituoni. Kila kiungo kilizibwa kwa oringi mbili za mpira, unene wa milimita 7 hivi, zikizunguka duara la zaidi ya mita 11. Kwenye modeli, kiungo ni mstari hafifu ambao ukipiga msasa kuficha ungio la gundi, unafutika. Niliichora upya yote kwa sindano, nikitumia utepe mgumu kama rula.

Kwa nini nijisumbue? Kwa sababu kiungo cha chini cha roketi ya kulia ndicho kilichoiangusha Challenger, mojawapo ya vyombo hivi, tarehe 28 Januari 1986. Asubuhi hiyo kulikuwa na nyuzi 2 tu za Selsiasi, na usiku wake kuligandisha. Safari ya baridi kuliko zote zilizotangulia ilirushwa kwenye nyuzi 12. Mpira ukipoa unazubaa. Roketi ikiwashwa, presha inakitanua kiungo kidogo, na oringi inatakiwa ifuate uwazi ule papo hapo, sio baadaye. Siku ile haikufuata. Kabla sekunde moja haijatimia moshi mweusi ulionekana ukitoka kwenye kiungo. Karibu sekunde ya 59 ukaonekana moto. Sekunde ya 73 chombo kikasambaratika, na watu saba wakafa, akiwemo mwalimu Christa McAuliffe.

Wahandisi wa Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, walikuwa wamesema usiku uliotangulia. Roger Boisjoly na wenzake walipinga kuruka chini ya nyuzi 12. NASA wakasukuma, mameneja wa Thiokol wakajitenga kidogo kwenye kikao, wakarudi na jibu jingine. Allan McDonald, mtu wao aliyekuwa Florida, alikataa kutia sahihi kibali cha kuruka. Ikatiwa na mwingine. Hilo wengi wanalijua. Linalonichoma mimi ni jambo la kabla ya hapo. Oringi zilikuwa zinakutwa zimelika katika safari zilizotangulia, na hoja ikajengwa kwamba ikiwa imelika theluthi moja tu, basi bado kuna usalama wa mara tatu. Jamani! Oringi haikuwekwa ilike. Nikiikuta imeliwa na gesi hata kidogo, boila inazimwa, hakuna hesabu ya theluthi. Richard Feynman, aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, aliisema hoja hiyo waziwazi kuwa haina maana, na ndiye huyo aliyebana kipande cha mpira akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera.

Tangi ni zuri. Maelekezo yanakuambia ulipake jeupe ukichagua Columbia, chombo kingine cha aina hii, jambo ambalo ni kweli kwa safari mbili za 1981 tu. Baada ya hapo rangi iliachwa, wakapunguza uzito wa takriban kilo 270, na povu likabaki na rangi yake. Mimi nilitaka Columbia ya 2003, safari iliyovunjika angani, nikapaka rangi ya chungwa. Tatizo ni miguu miwili inayoshika pua ya chombo kwenye tangi. Modeli imetoa miguu mitupu. Hilo ni tangi la baada ya ajali, maana vifuniko vya povu vilivyokuwa chini ya miguu hiyo viliondolewa baadaye. Yaani stika wanakupa za Columbia, lakini kile kilichoivunja hawakupi.

Nikavifinyanga mwenyewe kwa dawa ya kuzibia. Kipande kilichochomoka tarehe 16 Januari 2003, karibu sekunde ya 82 baada ya kuruka, kilikadiriwa kuwa na urefu wa kati ya sentimita 53 na 69. Kwa kipimo hiki ni milimita 4 hivi. Uzito wake halisi haukufika kilo moja, na kiligonga ukingo wa bawa la kushoto kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Wengi hawakuamini povu linaweza kuvunja kitu. Julai mwaka huohuo, San Antonio, Texas, wakalirusha povu kwa bunduki ya gesi kwenye paneli halisi namba 8 ya kaboni ya ukingo wa bawa, likatoboa tundu la sentimita 40 hivi. Mezani kwangu tundu hilo lingekuwa chini ya milimita 3, nami nisingeweza kulionyesha hata ningetaka, kwa sababu paneli zote 22 za kila bawa zimeachwa bila mstari hata mmoja.

Na povu la sehemu ileile lilikuwa limechomoka Oktoba 2002, likagonga roketi ya pembeni ya chombo kingine, Atlantis. Safari zikaendelea. Columbia ilipokuwa juu, wahandisi, Rodney Rocha akiwa mmoja wao, waliomba bawa lipigwe picha. Maombi yakafia njiani. Tarehe 1 Februari, kikirudi duniani, joto lilipenya kwenye bawa lililoharibiwa, chombo kikakatika juu ya Texas na watu wote saba.

Stika zinakaa vizuri ukizilowesha kwa maji ya uvuguvugu, na majina ya vyombo vyote vitano yamo. Mabega meusi ya mabawa, alama iliyoitofautisha Columbia na wenzake, hayamo kwenye maelekezo, kwa hiyo utayapaka mwenyewe. Kijitabu kina ukurasa wa historia: Challenger 1983 hadi 1986, Columbia 1981 hadi 2003. Basi, kama vile vilistaafu.

Kwa haki, tabia hii si ya modeli hii tu. Nina ya Apollo pia, chombo cha kwenda Mwezini, mlango wake unafunguka kwa nje. Huo ni mlango wa baada ya moto wa Januari 1967 uliowaua Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee. Mlango wao ulifunguka kwa ndani, na presha ya moto ikaubana. Mtu wa presha akiuona mchoro wa mlango ule anashika kichwa.

Ninunue tena? Ndiyo, na mtoto wa kuanzia miaka 12 mwenye subira ataiweza. Nyota nne kwa plastiki, mbili kwa kijitabu. Kwa atakayenunua: chora viungo vya roketi baada ya msasa, sio kabla. Roketi ya kulia usiigundishe kwenye tangi mpaka umalize kupaka rangi upande wake wa ndani, kwa sababu sehemu ya kiungo cha chini iliyovuja ilielekea huko na brashi haitapita tena. Gundi ya kwenye boksi itupe, inaacha utando mweupe.